Kona ya Bibi Kufuli

Kila asubuhi Hatua hutoka kwao na begi begani, hushuka vidato viwili vya saruji, hupita bomba la maji, na akifika kwenye ule uwanja mtupu hukata kushoto. Mbele yake hapana kitu. Hapana ukuta, hapana uzio, hata kamba ya kuanikia nguo hapana. Lakini yeye hukata kushoto hatua saba, hupinda kulia na kwenda kumi na tatu, hupinda tena kulia akahesabu saba nyingine, ndipo anarudi kwenye njia. Hatua ishirini na saba, mahali ambapo watu wengine wote hukatisha kwa kumi na tatu.

Wanawake wa bombani walishamzoea.

"Haya, kaanza," alisema mmoja, ndoo ikijaa.

"Mwache mtoto wa watu. Hataki kumkanyaga bibi kitandani."

Ulikuwa utani, lakini hakuna aliyecheka. Na yule aliyeutoa, alipotwika ndoo yake na kufika kwenye uwanja, alisita kidogo kabla ya kukatisha.

Jina la Hatua alipewa na watoto, mwaka ule alipoanza kuupima mtaa mzima kwa miguu yake, midomo ikichezacheza kama mtu anayesali. Mama yake alilichukia jina hilo wiki ya kwanza. Wiki ya pili akamwita hivyo mwenyewe, bila kujua.

Chuo kikuu alikuwa akisomea miji, na hilo lilimpa mama tabu ya kueleza. Mama alikuwa mpiga pasi. Nguo za watu zilikuja kwake zimekunjamana, zikaondoka zimenyooka, na kwake kazi ilikuwa kitu ambacho ukikimaliza kinaonekana.

"Binti anasomea nini hasa?" majirani waliuliza.

"Miji."

"Miji? Mji nao unasomewa? Si unakaa tu?"

"Ndiyo hivyo."

"Akimaliza atakuwa nani sasa, daktari wa barabara?"

"Mimi najua? Anasomea kutembea, shoga yangu. Tangu aingie hicho chuo, soli zinakwisha kuliko madaftari."

Hata chuoni kwenyewe somo lile halikuwa na nyumba. Wanasheria walikuwa na jengo lao na wahandisi lao, lenye vigae na lifti. Wao wa miji walikuwa kumi na saba tu, na walizunguka kwenye vyumba vya wenzao na vitabu mikononi, wakijiita wapangaji. Siku moja walikuwa kwa wanasheria wakifundishwa ardhi ni ya nani. Siku ya pili kwa wahandisi, maji ya mvua yanakwenda wapi. Kulikuwa na mzee mmoja wa historia aliyewaambia kila mtaa umejengwa juu ya watu waliohamishwa, na kwamba ukisikiliza vizuri utawasikia wakihama. Wanafunzi walicheka. Hatua hakucheka.

Alilipenda somo lile kwa sababu aliyoigundua mapema. Ukimleta mhandisi mtaani kwao, anatazama chini, anaona mifereji. Mwanasheria anatafuta mpaka, mzee wa historia anasikiliza waliohama, na yule wa elimu ya jamii anauliza nani anamwazima nani chumvi. Mtaa mmoja, macho manne. Hatua alitaka kuyaweka macho yote manne kwenye karatasi moja, na hiyo ndiyo ikawa kazi yake ya mwaka wa mwisho: ramani ya mtaa wao. Kwenye ramani za ofisi ya jiji mtaa ule ulikuwa doa la kijani, kama vile watu elfu tatu wale ni majani.

Alijiwekea sharti moja. Hakuna mlango atakaouchora bila kuupigia hodi kwanza.

"Hodi. Natengeneza ramani. Nikuandike?"

Mitaa ya watu wanaohofia kuvunjiwa haipendi kalamu, lakini yeye walimjua tangu ananyonya. Wakamwambia awaandike. Wengine walimwambia awaandike na kuku wao. Milango mia nne na kitu, wawili tu walikataa.

Wa kwanza alikuwa fundi viatu, aliyekaa mwisho wa mtaa katika vyumba viwili na mke na watoto watatu.

"Mimi usiniandike," alisema, misumari midogo ikiwa mdomoni. "Nilimkimbia mke wa kwanza. Mwanamke yule anajua kusoma. Ukiniandika, atanisoma."

"Baba, hii ni ramani, si gazeti."

"Yeye anasoma hata karatasi za kufungia sukari."

Hatua akacheka, akaacha nafasi nyeupe.

Wa pili alikuwa Bibi Kufuli. Huyu alikaa peke yake katika nyumba ndogo yenye mlango wa bluu, katikati kabisa ya njia, kiasi kwamba njia yenyewe ilikuja ikamzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kufuli kubwa la shaba ambalo halikumtoka. Akiwa nje alifunga, akiwa ndani alifunga. Na kila akishafunga aliligonga kufuli kwenye ubao mara mbili, *ka, ka*, kulihakikishia kuwa amelikumbuka. Mtaa mzima ulijua saa kwa mlio huo.

Alimkaribisha Hatua kizingitini, akamtilia chai kwenye kikombe chenye ufa, akatazama karatasi muda mrefu. Kusoma hakujua, lakini aliifuata michoro kwa kidole, akaijua: hapa bomba, hapa kwa mama mpiga pasi.

"Unachora vizuri, mjukuu wangu."

"Asante, bibi. Na wewe nikutie?"

Bibi akaondoa kidole.

"Kule nilikokaa zamani walikuja vijana kama wewe. Wana adabu, wana kalamu. Wakatuandika mlango kwa mlango, wakatupaka namba kwa rangi nyekundu. Tukafurahi, tukasema leo tumeonekana. Watoto wakaimba zile namba. Baada ya miezi mitatu wakarudi wakizifuata. Mimi nilikuwa arobaini. Nilisimama mlangoni nikawasikia wakisema, thelathini na nane, tayari. Thelathini na tisa, tayari." Akaisukuma karatasi. "Sitaki kuwa namba tena. Niahidi."

"Nakuahidi, bibi."

"Sema hutaniandika."

"Sitakuandika."

"Wala nyumba yangu."

"Wala nyumba yako."

"Basi kunywa chai, isipoe."

Hatua aliitunza ahadi ile kama yai. Kwenye karatasi, mahali pa Bibi Kufuli palibaki peupe, na njia ikaja ikauzunguka weupe huo kwa kona zake tatu, kama ilivyo.

Aliyemsimamia kazi yake alikuwa mwalimu wa michoro, mtu mzima mwenye chaki kwenye mikono ya shati, mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Aliitandaza ramani mezani, akaitazama kwa furaha, mpaka jicho lilipofika katikati.

"Hii njia imelewa?"

Mwalimu akaifuata kwa kidole.

"Tazama. Inakuja vizuri, halafu inayumba, halafu inajirudi. Njia haipindi bure, binti yangu. Ikipinda, kuna kitu. Kuna nini hapa?"

Hapo ndipo. Angesema nyumba, mwalimu angesema ichore. Angekataa kuichora, ingebidi aeleze, na kueleza kwenyewe ni kuandika kwa mdomo. Aliuona uso wa Bibi, na ule ufa kwenye kikombe.

"Hakuna kitu?" mwalimu aliuliza, saa mkononi.

"Hakuna, mwalimu."

"Basi nyoosha."

Hatua akachukua kifutio, akafuta kona tatu. Akaweka rula, akapitisha wino. Mstari ukanyooka kama shati lililotoka kwa mama yake. Maneno mawili tu, hakuna, mwalimu, na yalitoka mepesi kabisa, kama mtu anayekataa kuongezwa sukari.

Ramani ikasifiwa. Ikabandikwa kwenye ukumbi, na watu wakasimama kuitazama. Mhandisi wa jiji akaja na miwani yake, akasema miaka yote ofisi ilikuwa haina kitu kama hiki, akaigonga muhuri ikawa ramani halali. Doa la kijani likafa, mtaa ukazaliwa. Mtaani watu walishangilia, maana ofisi iliahidi mtaro mkubwa wa maji ya mvua, na hakuna nyumba pale ambayo haikuwahi kuamka na vyombo vinaelea. Mtaro utapita mahali pasipo na watu, ofisi ilisema. Hakuna atakayevunjiwa.

Mahali pasipo na watu ofisini huonyeshwa kwa rangi moja. Nyeupe. Hatua alisoma miaka mitatu na hakuna aliyewahi kumwambia hilo, kwa sababu wahandisi walidhani limefundishwa na wanasheria, na wanasheria walidhani limefundishwa na wahandisi.

Katapila likaja Jumamosi asubuhi. Hatua alitoka mbio na mswaki mdomoni. Alikuta watu wamejaa na msimamizi wa wafanyakazi amesimama mbele ya mlango wa bluu na karatasi mkononi, amechanganyikiwa kweli kweli.

"Bibi, hapa hapana nyumba."

"Na hii ni nini, kofia?"

"Mimi nafuata karatasi. Karatasi inasema ni wazi, na njia inapita katikati. Nyumba hii imejengwa lini? Jana?"

"Nionyeshe."

Msimamizi akainama, akamwonyesha. Bibi akaweka kidole kwenye bomba. Akakipeleka kwa mama mpiga pasi. Kikatelezea kwenye njia, kikaenda moja kwa moja, bila kona, kikapita juu ya kitanda chake na meza yake na vikombe vyake, kikatokea upande wa pili. Akainua macho, akawapitia watu mmoja mmoja mpaka akamfikia Hatua.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu.

"Uliniahidi hutaniandika," alisema. "Na kweli hukuniandika. Mtoto mwaminifu." Akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe kutoandikwa nako kunavunja."

Watu walibishana, wakasimama mbele ya mashine, fundi viatu akatukana kwa misumari mdomoni. Msimamizi akapiga simu ofisini, na ofisi ikajibu kuwa ramani ina muhuri. Wakampa muda wa kutoa vyombo. Bibi alitoa kidogo sana. Mwisho akaomba mlango ung'olewe, ukalazwa juu ya mkokoteni na kufuli lake likiwa limefungwa palepale kwenye pete. Akaligonga mara mbili. *Ka, ka.* Halafu akauchomoa ufunguo, akautia mkononi mwa Hatua, akamkunja vidole.

"Nishikie wewe. Niendako sijui kama kuna ukuta wa kuupachika mlango huu."

Akaondoka nyuma ya mkokoteni, na hakuna aliyejua ameelekea wapi. Nyumba iliisha kabla chai ya watu haijapoa.

Mtaro ulikuja kutoka chini ukafika ukingoni mwa uwanja, ukasimama kusubiri awamu ya pili. Vigingi vyekundu vilichomekwa kuuelekeza mbele: kukatisha uwanja, kufuata njia, kwenda mpaka kwenye weupe mwingine. Kwa fundi viatu.

Hapo ndipo Hatua alipoanza kuzunguka. Siku ya kwanza hakukusudia. Miguu ilifika mahali pa ukuta, ikakataa. Siku ya pili alisikia mlio wa kufuli kushotoni kwake, karibu kabisa, akageuka na hapakuwa na mtu ila kizingiti, kipande cha saruji kilichosahauliwa kwenye mchanga. Baada ya hapo mlio ukamfuata. Mwalimu akigonga chaki ubaoni mara mbili, Hatua alishtuka. Mama akiweka pasi kwenye bati lake, *ka*, na kuiinua, *ka*, Hatua aliinua kichwa kutoka kitabuni.

"Una nini wewe?"

"Hapana, mama."

"Hapana, hapana. Ukisema hapana namna hiyo, najua ipo."

Alimtafuta Bibi Kufuli. Miezi mitatu alitumia siku za Ijumaa, siku zao za masomo ya kutembea, kwenda mitaa ya watu akiuliza kama wamemwona bibi mwenye mlango wa bluu. Watu walimjibu kwa upole: bibi gani, mlango upi? Alizijua sasa kona za mji kuliko dereva yeyote, na zote zilikuwa na watu waliohamia kutoka mahali ambapo hapapo tena. Mzee wa historia alisema kweli. Ukisikiliza, unawasikia.

Kisha tangazo likabandikwa ukumbini. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wangetetea kazi zao Alhamisi. Miongoni mwa watahini yumo mhandisi wa jiji. Na mtaani vigingi vikapata kibao: awamu ya pili inaanza Jumatatu.

Mwalimu wa michoro akamwita ofisini kumwandaa.

"Watakuuliza juu ya hizi sehemu mbili nyeupe. Sema maeneo wazi. Maneno mawili, umepita."

"Mwalimu, pale palikuwa na nyumba."

Mwalimu alikuwa anatafuta kalamu. Akaacha kuitafuta.

"Palikuwa?"

"Njia ilizunguka nyumba. Nilikwambia hakuna kitu. Nilikuwa nimeahidi."

Akamweleza yote, mlango wa bluu mpaka mkokoteni, na fundi viatu aliye kwenye weupe wa pili. Mwalimu akakaa. Akajipangusa chaki kwenye mkono wa shati, na chaki ikazidi kusambaa.

"Mimi ndiye niliyekwambia nyoosha," alisema.

"Ulisema ikipinda kuna kitu. Ulikuwa sahihi."

"Sikiliza, binti yangu. Ukilisema hili Alhamisi, maana yake ramani yako ina uongo. Ramani yenye uongo haipiti. Miaka mitatu, chini. Pita kwanza. Ukishapata cheti tutaandika barua kuhusu huyo wa pili. Mtu mwenye cheti husikilizwa."

"Cheti kinatoka lini?"

"Miezi minne. Mitano."

"Na katapila Jumatatu."

Mwalimu akatazama dirishani. Nje hapakuwa na cha kutazama, ukuta wa jengo la wahandisi tu.

Jumatano Hatua alikwenda kwa fundi viatu. Alimkuta na kiatu gotini, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Baba, nimekuja kuomba ruhusa. Ile ahadi nataka uniachilie. Nikuchore."

Fundi akatema msumari kiganjani.

"Kwa nini leo?"

"Kwa sababu nyeupe, kwao, ni mahali pasipo na mtu. Mimi ndiye niliyewapa nyeupe."

Fundi alitazama vigingi, vya mwisho vilikuwa hatua thelathini kutoka mlangoni pake. Ndani mkewe alikuwa akimkemea mtoto aliyekataa kuoga.

"Kumbe mimi niko hapa nagonga soli, na kwenye karatasi ni upepo."

"Ndiyo, baba."

"Niandike. Niandike na mke na watoto, na hiki kigoda. Afadhali yule mwanamke anipate kuliko katapila. Yeye ataacha walau kuta." Akacheka, kisha kicheko kikamwisha. "Ila we mtoto, ukifanya hivyo, huko chuoni watakuacha?"

"Sijui."

"Lete hivyo viatu. Mtu haendi kusimama mbele ya watu na soli imefunua mdomo."

Akavigonga pale pale. Alipomaliza, aliuliza bila kumtazama:

"Na Bibi? Ruhusa yake utaipata wapi?"

Hatua alivaa viatu, akafunga kamba. Swali hilo lilikuwa limelala naye kila siku, limeamka naye. Nyumba ya Bibi ilikuwa imekwisha. Kuichora kusingeirudisha, na mwenyewe hakuwepo kusema ndiyo au hapana. Kilichobaki cha Bibi Kufuli pale mtaani kilikuwa ahadi ile, na Hatua hakutaka kuivunja nayo.

Asubuhi ya Alhamisi mama alimpigia pasi shati jeupe, akalipiga mara mbili, akamvalisha kama mtoto wa chekechea.

"Leo usianze mambo yako ya kuzunguka. Leo katisha. Shati hili lisiguse vumbi la watu."

"Sawa, mama."

Mama akasimama mlangoni kumwangalia. Hatua akashuka vidato, akapita bomba, akafika kwenye uwanja. Akakata kushoto. Saba. Kumi na tatu. Saba. Wale wanawake wakamfuata kwa macho. Mama akarudi ndani, akaiweka pasi kwenye bati kwa nguvu.

Chumba cha mtihani kilikuwa cha kuazima, kama kawaida yao. Ubaoni bado kulikuwa na hesabu za wahandisi. Meza ndefu, na nyuma yake watu watatu: mhandisi wa jiji, mwalimu wa michoro, na mama mmoja mwalimu wa sheria aliyekuwa mwenyekiti, mwanamke mwenye sauti ya chini na kalamu ghali. Ramani yenyewe, ile halisi yenye muhuri, ilikuwa imeletwa kutoka ofisini ikiwa imeviringishwa, na kila ilipotandazwa ilijikunja. Wakaweka kitabu pembe ya kwanza, kitabu ya pili, kitabu ya tatu. Cha nne kikakosekana. Hatua akatoa ufunguo wa shaba mfukoni, akauweka.

Alieleza kazi yake vizuri. Alieleza maji, na mipaka, na nani anamwazima nani chumvi. Mhandisi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mwishoni akagusa karatasi kwa ncha ya miwani, mara mbili.

*Ka, ka.*

"Kwa kumbukumbu tu. Hapa na hapa pamebaki peupe. Ni nini?"

Mwalimu wa michoro aliinamia karatasi zake. Hatua akaisikia ile sauti ikizunguka chumba na kutulia.

"Naomba nionyeshe," alisema.

Akachukua kalamu ya wino mezani, ile ya mama wa sheria, akainama kabla hawajaelewa. Pale mwisho wa mtaa akachora mraba, akaugawa katikati.

"Hapa ni kwa fundi viatu. Vyumba viwili, watu watano. Walikuwepo siku niliyopima. Amenipa ruhusa jana."

"Unachora juu ya muhuri!" Mhandisi alisimama. "Hiyo ni ramani halali!"

"Ndiyo."

Mkono ukahamia katikati. Akaweka kalamu kwenye ule mstari ulionyooka, akaukata. Akaupeleka kushoto, akaupandisha, akaurudisha. Hakuchora nyumba. Alichora njia tu, na kona zake tatu, zikizunguka weupe.

"Sasa hii nini? Njia imelewa?" alisema mhandisi.

Aliyejibu alikuwa mwalimu wa michoro, na hakuinua kichwa.

"Njia haipindi bure," alisema. "Ikipinda, kuna kitu."

"Kuna nini?"

"Mimi siwezi kuandika," alisema Hatua. "Aliyekuwa hapo hajanipa ruhusa. Lakini kila atakayeitazama atauliza, kama ulivyouliza wewe."

Mama wa sheria alichukua kalamu yake, akaifunga kifuniko polepole.

"Ramani iliyoongezwa wino baada ya muhuri si halali tena," alimwambia mhandisi. "Unalijua hilo. Mtalazimika kupima upya kabla ya kuchimba chochote."

"Mwezi mzima huo!"

"Basi mwezi mzima." Akamgeukia Hatua, na haikujulikana kama uso ule ni wa hasira au wa kitu kingine. "Binti, kaa nje kwenye benchi. Tuna mazungumzo. Tutakuita."

Hatua akaitikia kwa kichwa. Akaunyanyua ufunguo mezani, kama mtu anavyochukua kalamu yake, akatoka na kuufunga mlango bila kelele.

Benchi lilikuwa pale. Aliweka begi juu yake, na yeye hakukaa. Alisikia sauti za ndani zikipanda, jina lake la kitabuni, si lile la mtaani, likitajwa. Akaushika ufunguo mpaka meno yake yakamwachia alama kiganjani. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hukumu yake aliitaka, na hakuwa ndani ya chumba kile.

Akateremka ngazi. Kule kwenye ukumbi nakala ya ramani ilikuwa bado ukutani, njia imenyooka; akaipita. Langoni mlinzi alimwona shati lilivyong'aa, akatabasamu.

"Umeshamaliza? Umepita?"

"Bado wanazungumza. Wamesema wataniita."

"Sasa unakwenda wapi na wao wanakuita?"

"Kuomba ruhusa," alisema Hatua, akavuka lango.

Mlinzi alieleza baadaye kuwa alisimama kando ya barabara kidogo, midomo ikicheza, kisha akaelekea upande ambao si wa kwao.

Ndani walimwita mara moja. Wakaita tena. Mwalimu wa michoro akafungua mlango, akakuta begi na benchi. Akaita ngazini kwa jina la kitabuni, halafu kwa lile la mtaani, na ngazi zikamrudishia yote mawili. Hatua hakurudi dakika ile, wala kesho yake, wala siku mama yake alipokuja kulichukua begi.

Siku ile ile mwalimu alirudi mezani. Pembe ya nne ya ramani ilikuwa imejikunja mpaka katikati, imezifunika zile kona. Akainyoosha kwa kiganja. Alipoondoa mkono ikajikunja tena. Akatafuta kitabu, hakikuwepo. Basi akaurudisha mkono, akabaki amesimama hivyo, kiganja juu ya weupe, wenzake wakimsubiri aseme kitu.